Stika za Chonjo

Jina la Kikokotoo alipewa na baba yake, tena alipewa kazini. Baba alikuwa fundi wa vigae, na Jumamosi alikuwa akimchukua binti yake kwenye nyumba za watu ili amshikie kamba ya kupimia. Siku moja, akiwa darasa la nne, mtoto alisimama mlangoni mwa bafu la watu, akatazama ukuta mpaka ukuta, akataja idadi ya vigae vizima na idadi ya vile vya kukatwa. Baba alicheka. Jioni alipomaliza kazi hakucheka tena, maana mtoto alikuwa sahihi mpaka kile kipande chembamba kinachojificha nyuma ya choo.

"Mwanao ni kikokotoo," alimwambia mkewe usiku huo wakila. "Tofauti ni kwamba hiki kinakula wali."

Jina likaganda. Mtaani wakalichukua, shuleni wakalichukua, na alipoingia sekondari lilimtangulia. Mwalimu wa hesabu alikuwa akiandika swali ubaoni na kusema, "Kikokotoo, wewe nyamaza kwanza, wenzako nao wapumue."

Mama yake naye alikuwa na jina la kazini. Aliitwa Wino. Alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda kidogo cha uchapaji, mwanamke pekee kwenye chumba cha mashine, na vidole vyake havikuwahi kutakata, hata siku ya harusi ya mdogo wake, ambapo alipiga picha zote akiwa amekunja ngumi. Alichapa kalenda, risiti, mabango ya mikutano, stika za maji ya chupa. Aliipenda kazi. Alikuwa na mdomo mkali na jicho kali zaidi: rangi ikihama unywele mmoja tu, anaiona akiwa bado mlangoni.

Mwaka ambao Kikokotoo alitimiza miaka kumi na sita, kiwandani iliingia kazi mpya. Zilikuwa stika za duara, za kubandikwa kwenye vikopo vya bati vinavyoenea kiganjani. Katikati palikuwa na stroberi jekundu, nono, limevaa miwani na kushika kitabu. Juu yake pameandikwa CHONJO. Chini yake: Akili macho.

"Ni nini hiki?" Wino aliuliza.

"Peremende," alisema bosi. Bosi alikuwa mtu wa sauti laini, aliyemwita kila mtu "ndugu yangu" hata siku anapomfukuza. "Peremende za kuchangamsha. Mteja mkubwa huyu, ndugu yangu. Mtachoka kwa saa za ziada."

Kwenye sampuli ya kwanza palikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo, ukizunguka ukingoni kama uzi. Wino aliusoma kwa kuinamia: Ina nikotini. Husababisha uraibu. Si kwa watoto. Wiki iliyofuata ilikuja sampuli ya pili na mstari haupo. Alikwenda ofisini na sampuli zote mbili mkononi.

"Bosi, kuna maneno yameliwa hapa."

Bosi hakuinua macho kwenye simu yake. "Mteja ndiye mwenye maneno. Sisi tuna wino tu."

Wino alisonya, akarudi kwenye mashine. Kazi ilikuwa nyingi. Katika mkupuo mmoja wekundu ulihama kidogo, stroberi likatoka na midomo miwili, na yeye akataka kuzitupa zote azichape upya. Bosi akasema ziende hivyohivyo, nani anakagua midomo ya tunda. Zikaenda, na Wino akarudi nyumbani na stika zimemganda kwenye aproni.

Mabadiliko ya Kikokotoo hayakuja kwa kishindo. Yalianza kwa kuamka vibaya. Kisha akawa mtu wa kujibu kwa mabega. Akawa anakaa mezani na kitabu kile kile, ukurasa ule ule, mguu ukitikisika chini ya meza mpaka vikombe vinalia. Mama alidhani ni mvulana. Baba alidhani ni umri. Ripoti ya muhula ilipokuja na alama za hesabu ambazo hazijawahi kukanyaga nyumba ile, walimkalisha chini, akalia, akaapa atajitahidi, nao wakaridhika kwa sababu walitaka kuridhika.

Kisha ikaja Jumamosi ya jikoni. Baba alikuwa na kazi ya jiko la familia moja, chumba cha mraba tu, hakina hata kona ya ajabu. Alimwuliza Kikokotoo kama alivyozoea, "Haya mama, vingapi?" Kikokotoo akatazama ukuta. Akataja idadi. Baba akatikisa kichwa. Akataja nyingine. Baba akadhani ni mzaha, akacheka kidogo.

"Unacheka nini?" binti alisema.

"Sijakucheka, mwanangu. Pima tena, usiwe na haraka."

"Nimepima!"

"Basi tutumie karatasi..."

Kikokotoo alinyanyua kigae kilichokuwa karibu naye, akakipigiza sakafuni. Vipande vikaruka mpaka kwenye miguu ya mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekuja na chai. Baba alisimama na mwiko mkononi, hajui aombe radhi kwa nani kwanza. Mtoto aliyekuwa akibeba vigae kama anabeba mayai! Walipofika nyumbani alimweleza mkewe kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza ajali aliyoiona barabarani. Wino alitaka kumwamsha binti na kumtandika. Baba akamzuia.

"Muache. Kuna kitu. Sijui ni kitu gani, ila kipo."

Kitu kilijitokeza Jumatano. Mkuu wa shule alipiga simu kiwandani, na Wino akaenda na aproni yake hivyohivyo. Ofisini alimkuta binti amesimama pembeni ya kabati, macho chini, na mkuu wa shule ameketi nyuma ya meza yake, mikono ameikunja juu ya tumbo. Katikati ya meza palikuwa na kikopo cha bati.

"Mama, binti yako amekutwa na hiki darasani," mkuu alisema. "Ndani yake mna vijifuko vya unga. Wanaviweka kati ya mdomo na fizi. Ni nikotini, mama. Ile ile ya sigara, tena kali zaidi ya sigara nyingi. Ametoka kwenye kipindi mara kadhaa wiki hii kwenda kubadilisha. Alipozuiwa, alimtukana mwalimu wake wa hesabu tusi ambalo siwezi kulirudia mbele yako."

Wino alikuwa anatazama kikopo. Stroberi lilikuwa na miwani yake, na kitabu chake, na midomo miwili.

Alikinyanyua. Akakigeuza. Akapitisha ukucha kwenye ukingo ambapo mstari wa maneno ungekuwa, akakuta laini tupu. Akainama zaidi juu yake, na mkuu wa shule, akidhani ni huzuni, akamsogezea boksi la tishu.

"Zinauzwa wapi?" Wino aliuliza.

"Mama, kwa sasa tuzungumze nidhamu ya..."

"Nimekuuliza, zinauzwa wapi?"

Mkuu alikohoa. "Duka la pale getini. Na kwingine. Sisi mamlaka yetu yanaishia kwenye uzio."

"Unapita pale kila asubuhi. Umeziona."

"Nilijua ni peremende, kama kila mtu."

Alimsimamisha Kikokotoo masomo mpaka muhula ujao. Alisema amemhurumia, wengine wangemfukuza kabisa. Wino alimshika binti yake mkono, wakatoka, na getini alisimama mbele ya lile duka. Vikopo vilikuwa vimepangwa mbele kabisa, kwenye usawa wa macho ya mtoto, kati ya kalamu na biskuti. Alitaka kuupindua ule mzigo wote barabarani. Lakini alijua ni nani aliyezichapa stika zile, na mkono wake haukunyanyuka.

Nyumbani ndipo alipolipuka.

"Tangu lini?"

Kikokotoo alivua begi la shule, akaliweka sakafuni.

"Nakuuliza tangu lini! Nalea teja ndani ya nyumba yangu, nampikia, namfulia sare, na mimi sijui? Hujui baba yako anatambaa kwenye sakafu za watu mpaka magoti yamekuwa sugu ili wewe usome? Una akili ambayo watu wanaiomba kwa Mungu wakiwa wamepiga magoti, umeipeleka wapi? Kwenye fizi?"

"Nilianza kwa ajili ya mtihani," Kikokotoo alisema. "Wote walikuwa wanasema inakufanya usisinzie. Na kweli. Mwanzoni kweli, mama. Nilisoma kurasa nyingi. Halafu ikawa bila hiyo sisomi. Halafu ikawa hata nikiwa nayo sisomi, ila nisipokuwa nayo ndiyo kabisa. Mnadhani sijajaribu kuacha? Naacha asubuhi. Ikifika kipindi cha pili naona herufi zinacheza, mikono inatoka jasho, natamani kumpiga mtu. Mwalimu anaongea, mimi nasikia kengele tu ya mapumziko kabla haijalia."

"Ungesema!"

"Ningesema nini? Kwamba Kikokotoo kimeharibika?"

"Ungejiuliza ni kitu gani unakitia mdomoni!"

Kikokotoo alinyanyua uso. Alikuwa halii tena.

"Nilijiuliza. Niliona zile stika kwenye aproni yako. Zilikuwa mbili, zimeganda pindoni. Nikasema, kumbe hizi anachapa mama. Mama yangu hawezi kuona rangi ikihama akanyamaza. Kingekuwa kitu kibaya, asingechapa."

Wino aliketi kwenye kitanda. Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni na vumbi la saruji kichwani, hakusema neno. Na laiti angesema, maana kimya chake kilimchoma Wino kuliko tusi. Usiku Wino alimsimulia habari ya ule mstari uliofutwa, kisha wakalala wakipeana mgongo. Asubuhi baba alisema jambo moja tu, akifunga viatu: "Uliuliza kuhusu ule mstari, ukaambiwa, ukaacha." Wino alimrushia kitambaa cha vyombo. Kilimpata shingoni. Wote wawili wakakaa chini, na hapo ndipo walipoanza kuzungumza kama watu wenye mtoto mmoja.

Walimpeleka hospitali, kwenye kliniki ya vijana. Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho ya usingizi, ambaye hakumwuliza Kikokotoo kwa nini. Alimwuliza anaweka vijifuko vingapi, anaweka cha kwanza baada ya muda gani tangu aamke, na je, anaamka usiku kuweka. Kikokotoo akajibu yote. Jibu la mwisho liliwafanya wazazi wake watazamane.

"Kwa hiyo ubongo wake umeoza?" Wino aliuliza. Alijua anaongea kwa ukali, na hakujali.

"Haujaoza," daktari alisema. "Bado unajengwa. Sehemu ya mbele, hii hapa nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusaidia kusubiri, kupanga, kujizuia, kukaa na jambo gumu bila kukimbia. Ndiyo inayomalizika mwisho, hata miaka ishirini na kitu. Binti yako yuko katikati ya ujenzi. Na ubongo wa umri huu ni mwepesi sana kujifunza. Ndiyo maana yeye anashika hesabu haraka kuliko mimi na wewe. Sasa, nikotini inapita mlango huohuo wa kujifunzia. Kila akiweka kile kijifuko, ubongo unapata raha ya haraka, unajiwekea alama: hiki ni muhimu, kirudie. Ukirudia mara nyingi vya kutosha, unakuwa umejifunza. Kisipokuja, unakidai. Hiyo ndiyo arosto anayoisikia darasani. Hawezi kukaa na swali la hesabu kwa sababu akili yake yote inasubiri kengele."

"Kwa maneno mengine," baba alisema polepole, "amefundishwa."

"Vizuri sana. Mwanafunzi hodari hufundishika."

"Na aliyemfundisha?" Wino alisema. "Yeye yuko kliniki gani?"

Daktari alimtazama bila kukasirika. "Hao huwa hawaji hapa, mama."

Kikokotoo, aliyekuwa amejikunyata kwenye sweta lake, alisema neno la kwanza ambalo hakuulizwa. "Nitarudi kama zamani?"

"Wengi wanaoacha wakiwa wadogo hurudi sana. Umakini unarudi, usingizi unarudi, hasira inapungua. Utarudi mpaka wapi, sitakudanganya, sijui. Najua kwamba ukiendelea hutarudi. Na kuacha kutakuwa kubaya kwa muda. Utatukana watu. Waombe radhi kabla."

Kulikuwa kubaya kuliko alivyosema. Kikokotoo alitetemeka, akalala mchana, akakesha, akapiga ukuta ngumi mpaka vidole vikavimba. Alitoroka mara moja akarudi na harufu ya stroberi mdomoni, na alipoulizwa akasema ni dawa ya meno, uongo wa kitoto kiasi kwamba baba yake alitoka nje akalia nyuma ya tangi la maji. Walianza upya. Katika siku hizo Wino alikuwa akienda kazini kila asubuhi, akiwasha mashine, akichapa mabango ya watu, akiwa kama mtu aliyemeza kaa la moto na kufunga mdomo.

Wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, oda ya Chonjo ilirudi, maradufu. Safari hii stroberi lilikuwa limevaa sare ya shule. Chini yake: Anza muhula na akili mpya.

Wino alikwenda ofisini.

"Bosi, hizi si peremende."

"Tuliishaongea, ndugu yangu."

"Mwanangu yuko nyumbani anatetemeka kwa ajili ya hizi."

Bosi aliweka simu chini, na kwa kweli uso wake ulionyesha huruma. "Pole sana. Pole mno. Lakini tusipochapa sisi, atachapa mwingine, na mishahara ya watu humu ndani utailipa wewe? Mimi nakwenda kula chakula cha mchana na mteja. Nizikute ziko tayari, dereva wake anazipitia leo jioni."

Alitoka na funguo za gari zikilia kidoleni. Wino alisimama katikati ya chumba cha mashine. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya kupiga kelele tena. Ilikuwa imetulia, imenyooka.

Alifungua kompyuta ya kutengenezea pleti, yale mabati membamba yanayobeba picha na kuipa karatasi. Akalitafuta faili la sampuli ya kwanza kabisa. Lilikuwepo bado. Akauchukua ule mstari wa ukingoni, maneno yaleyale, hakuongeza nukta wala hakupunguza. Alichobadilisha ni ukubwa. Akayaweka katikati, juu ya uso wa stroberi, herufi nene nyeusi kutoka ukingo mpaka ukingo: INA NIKOTINI. HUSABABISHA URAIBU. SI KWA WATOTO. Akatoa pleti mpya ya rangi nyeusi, akaifunga kwenye mashine, akapima, akasogeza, akapima tena. Hakuna rangi iliyohama hata unywele. Haijawahi kutoka kazi safi kama ile katika kiwanda kile.

Mkataji wa karatasi alikuwa mzee waliyemwita Gundi, mtu wa karibu kustaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikuja kuchukua bunda la kwanza, akalishika mbele ya uso wake, akalitazama kwa muda mrefu mno kwa mtu anayetazama stika. Kisha akamtazama Wino.

"Macho yangu haya," alisema, "tatizo lake hayaoni herufi kubwa."

Akalipeleka kwenye mashine yake, akaanza kukata. Alikata yote, akafunga maboksi, akayabandika utepe mara mbili. Dereva wa mteja alifika jioni, bosi akiwa bado mezani na mteja. Alisaini, akapakia, akaondoka.

Huko stika zilikobandikwa kwenye vikopo, wafanyakazi walilipwa kwa kila kikopo, na asiyeinua kichwa ndiye aliyekwenda nyumbani na chochote. Hakuna aliyesimama kusoma. Vikopo vikaenda madukani, na wenye maduka wakavipanga mbele, kwenye usawa wa macho ya watoto, kama walivyozoea. Shule zilifunguliwa Jumatatu. Wazazi waliwaleta watoto wao wadogo kwa mkono, wakasimama kununua kalamu, na vikopo vikawatazama usoni.

Kelele ilianzia getini kwa shule ya Kikokotoo. Mama mmoja alisoma kwa sauti, kisha mwingine, kisha baba mmoja akauliza muuza duka ni mwezi wa ngapi huu anawauzia watoto nikotini. Muuza duka aliapa kwamba hakujua, huku akiviingiza vikopo chini ya meza kwa mguu. Kufikia mchana picha zilikuwa kwenye simu za watu wote. Siku ya pili wakaguzi wa serikali, ambao hawakuwahi kuonekana mtaa ule hata kwa bahati mbaya, walikuja na magari mawili. Mkuu wa shule aliwaambia waandishi wa habari kwamba shule yake ilikuwa na wasiwasi na bidhaa hiyo kwa muda mrefu. Baba aliposikia hayo redioni aliizima kwa teke.

Bosi hakupiga kelele. Alimwita Wino ofisini, akafunga mlango. Ilikuwa mara ya kwanza kutomwita "ndugu yangu".

"Unajua ulichonifanyia?"

"Nimechapa maneno ya mteja. Ulisema yeye ndiye mwenye maneno."

"Watanishitaki! Na wewe watakushitaki!"

"Waniite mahakamani. Nitakuja na sampuli ya kwanza na sampuli ya pili. Tutawauliza nani aliyeufuta ule mstari, na nani aliyesema ufutwe."

Bosi alifungua mlango. Akamwambia achukue vitu vyake. Vitu vyenyewe vilikuwa aproni na kikombe. Gundi alimsindikiza mpaka mlangoni, akajifanya anakagua mvua.

Mahakamani hawakumwita. Inasemekana wakili wa mteja alimshauri kwamba kesi ya kulalamikia ukweli uliochapwa kwa herufi kubwa haina mshindi upande wao. Chonjo ikaondolewa madukani. Watu walimpongeza Wino barabarani, wakamwita shujaa, mmoja akataka kupiga naye picha. Alikataa. Alikuwa hana kazi, magoti ya mumewe yalikuwa yanabeba nyumba nzima, na mtoto wake alikuwa bado hawezi kumaliza ukurasa bila kusimama. Shujaa gani?

Na ilikuwa vizuri kwamba hakushangilia. Kabla mwaka haujaisha vikopo vilirudi, vya duara vilevile, vya bati lilelile, na embe lililovaa kofia ya mahafali. Jina jipya, mtaa uleule, duka lilelile. Safari hii mstari wa onyo ulikuwepo, maana sheria ilikuwa imewatazama, lakini ulikuwa wa rangi ya njano juu ya njano, na ungehitaji jua kali na macho ya ndege kuusoma.

Kikokotoo alirudia kidato. Aliketi na watoto aliowazidi mwaka, na wiki ya kwanza mmoja wao alimwita Kikokotoo Kibovu. Alimjibu kwamba kibovu hicho bado kinamzidi, kisha akatoka nje akakaa chini mpaka mikono ikatulia. Hesabu hazikurudi kama mvua. Zilirudi kwa kusuasua. Alianza kuandika hatua zote kwenye karatasi, kitu ambacho zamani alikiona cha wazembe. Swali alilokuwa akilimaliza kichwani alilimaliza kwa nusu ukurasa, na mara nyingine akakosea, akalia kwa ghadhabu, akarudi mwanzo. Mwalimu wa hesabu, yule aliyetukanwa, alimsahihishia bila kusema lolote la huruma, na Kikokotoo alimshukuru kwa hilo kuliko kwa yote aliyomfundisha. Mwisho wa mwaka alipata alama nzuri, za mtu wa kawaida mwenye bidii. Wino alizitazama zile alama akashindwa kujua anafurahi au anataka kuvunja kitu. Alikuwa anataka yote mawili.

"Usinitazame hivyo," Kikokotoo alisema.

"Vipi?"

"Kama umefiwa. Mimi nipo."

Wino alipata kazi katika karakana ya kuchapa fulana, kazi ya mkono, harufu kali, lakini hakuna aliyemwambia yeye ana wino tu. Alasiri moja, akitoka huko, alimkuta binti yake amesimama getini kwa shule, mbele ya duka, amekunja mikono. Ndani, wasichana wawili wa kidato cha kwanza walikuwa wakichagua vikopo, mmoja akimsomea mwenzake ladha.

"Wadogo zangu," Kikokotoo aliwaambia, "mnapenda somo gani?"

Walishtuka. Mmoja alisema sayansi. Mwingine alisema hesabu, kwa aibu, kama anaungama.

"Mimi hesabu zilikuwa zinakuja zenyewe. Nilikuwa naangalia ukuta tu. Nikatumia hivyo, wakati huo vilikuwa na stroberi. Sasa hivi swali linalokuchukua wewe dakika mimi linanichukua robo saa, na usiku bado naota ladha yake, na sitaki kuiota. Sikuwa mjinga. Nilikuwa wa kwanza darasani. Ndiyo maana ilinishika haraka."

Wasichana walitazamana. Mmoja akarudisha kikopo juu ya meza, mwingine akakishikilia.

"Wewe binti, unanifukuzia wateja," muuza duka alisema. "Hizi si zile. Hizi ni mpya, zina kibali."

"Watoto hawa wana umri gani?" Wino alimwuliza, akisogea mpaka tumbo lake likagusa meza.

"Dada, mimi siulizi vyeti vya kuzaliwa kwa kuuza peremende."

"Umeiita nini?"

Muuza duka alitazama nje. Watu walikuwa wameanza kusimama. Alikitoa kikopo mkononi mwa yule msichana, akaviondoa vingine vyote mbele, polepole, kimoja kimoja, akivisukumia kwenye boksi chini, akisonya kila kimoja. Wasichana waliondoka haraka bila kuaga.

"Tukigeuka tu, anavirudisha," Kikokotoo alisema.

"Najua."

Kulikuwa na benchi nje ya duka, la wateja wa soda. Wino aliketi. Binti yake akaketi kando yake, akatoa daftari lake la hesabu kwenye begi, akaliweka magotini, akaanza kuandika hatua ya kwanza. Muuza duka aliwachungulia, akaondoka, akarudi kuchungulia tena. Wao walikuwa bado pale.